Mapadri Weupe na vijiji vya watu waliong'olewa kwao: safari ya mwaka 1878 kuelekea ziwa Tanganyika

Kwenye mwambao wa magharibi wa ziwa Tanganyika, kutoka Uvira kupitia Baraka na Kalemie hadi Moba, ni vigumu kupata jamaa ambayo haijawahi kuhama. Wengine walikimbia vita vya mwaka 1996, wakavuka ziwa kwa mitumbwi hadi Kigoma, na kutoka huko wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Wengine walirudi, wakajenga, kisha wakakimbia tena. Leo jamaa za wahami zinaishi kwa wenyeji, shuleni na penye nyumba za makanisa.

Wakaaji wengi wanaosali katika parokia za mwambao huo hawajui kwamba misheni za kwanza hapo zilijengwa pia na watu waliong'olewa kwao. Kwa upande mmoja kulikuwa na mapadri na mabruda waliotoka ng'ambo ya bahari, ambao wengi wao hawakurudi. Kwa upande mwingine kulikuwa na watoto na vijana waliokamatwa katika vita, wakauzwa, kisha wakanunuliwa kwa vitambaa na kupewa mahali pa kukaa. Hii ni historia ya siku za mwanzo za safari hiyo.

Shirika lililozaliwa kati ya mayatima

Shirika la Wamisionere wa Afrika, ambao watu wanawaita Mapadri Weupe, lilianza Algeria mwaka 1868. Mwanzilishi wake alikuwa Charles Lavigerie, askofu mkuu wa Alger, Mfaransa. Wakati huo Algeria ilikuwa imepigwa na njaa kali na kipindupindu. Watoto waliofiwa na wazazi walizagaa barabarani, na askofu huyo akawakusanya zaidi ya elfu moja. Ili awe na watu wa kuwalea, akaanzisha shirika jipya la mapadri.

Wazo hilo la kukusanya watoto wasio na wazazi, kuwasomesha, kuwaoza na kuwajengea kijiji chao, halikubaki Algeria. Lilisafiri pamoja na mapadri mpaka ziwa Tanganyika.

Lavigerie aliwapa watu wake masharti machache yaliyo wazi. Wavae kama watu wa Afrika ya Kaskazini: kanzu nyeupe, joho jeupe, na rozari shingoni. Ndilo jambo lililowapa jina. Wajifunze lugha ya watu wanaokaa nao. Wasikae chini ya watatu mahali pamoja. Na mtu anayetaka ubatizo asibatizwe haraka. Afundishwe muda mrefu, miaka minne kwa kawaida.

Kwanza walijaribu kupita jangwa la Sahara. Mwaka 1876 mapadri watatu waliokuwa njiani kwenda Timbuktu waliuawa. Karibu na wakati huo habari za maziwa makubwa zilikuwa zimeenea Ulaya, kwa sababu ya safari za Livingstone na Stanley. Mfalme Léopold wa Pili wa Ubelgiji alikuwa ameita mkutano Brussels mwaka 1876 juu ya Afrika ya kati. Waprotestanti wa Uingereza walikwisha kutuma watu Buganda na Tanganyika. Lavigerie akaandikia Roma kwamba Wakatoliki wanachelewa. Mwezi wa pili mwaka 1878 Papa Pius wa Tisa akafariki, na Papa mpya, Leo wa Kumi na Tatu, alitoa idhini katika siku zake za kwanza kabisa madarakani. Kazi ya nchi za maziwa ikawa mikononi mwa shirika lililokuwa na miaka 10 tu.

Watu kumi kutoka Marseille

Msafara wa kwanza ulikuwa na watu kumi. Watano walipangiwa ziwa Nyanza, yaani Victoria, chini ya padri Léon Livinhac. Kati yao alikuwamo Siméon Lourdel, ambaye baadaye alijulikana sana Buganda kwa jina la Mapera. Watano wengine walipangiwa Tanganyika, chini ya padri Joachim Pascal. Pamoja naye walikuwa mapadri Toussaint Deniaud, Théophile Dromaux na Auguste Delaunay. Wengi walikuwa vijana ambao hawakuwahi kuona nchi ya maziwa hata mara moja.

Waliondoka Marseille mwezi wa nne, wakati wa Pasaka. Meli ikapita mfereji wa Suez, uliokuwa umefunguliwa mwaka 1869, ikashuka bahari ya Shamu, na mwisho wa mwezi wa tano wakafika Zanzibar.

Zanzibar ya siku hizo ilikuwa mlango wa bara zima. Ilitawaliwa na Sultani Barghash bin Said, wa ukoo uliotoka Omani. Soko la watumwa la mji lilikuwa limefungwa miaka mitano kabla, mwaka 1873, kwa mkataba ambao Waingereza walimlazimisha Sultani kutia sahihi. Lakini kufunga soko la kisiwani hakukukomesha biashara ya bara. Watu waliendelea kukamatwa Manyema na kando ya Tanganyika, na pembe za ndovu ziliendelea kubebwa hadi pwani.

Kutoka kisiwani wageni wakavuka kwenda Bagamoyo. Hapo walikuta mapadri wa shirika la Roho Mtakatifu, waliokuwa wamefungua misheni yao mwaka 1868 na kukusanya watoto waliokombolewa utumwani. Wenyeji hao waliwapokea na kuwasaidia kutengeneza safari, kwa sababu wageni hawakujua hata bei ya mzigo mmoja.

Waliobeba safari kichwani

Wakati huo haikuwapo barabara ya gari wala reli. Wamisionere wa Kiprotestanti wa shirika la London walikuwa wamejaribu mwaka uliotangulia kwenda Tanganyika kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Ng'ombe walikufa kwa kuumwa na mbung'o, na safari ikarudi kwenye njia ya kawaida, yaani kichwa na bega la mpagazi.

Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, watu waliozoea njia hiyo tangu ujana, na Waswahili wa pwani. Kila mmoja alibeba kama kilo 30. Mbele alitembea kirongozi, ambaye ndiye aliyejua njia, visima na mahali pa kulala. Wanyapara waligawa mizigo na posho. Askari walilinda kambi kwa bunduki. Nyuma na kando walikuwapo wanawake waliofuata waume zao, wakibeba sufuria, watoto na chakula.

Ndani ya mizigo kulikuwa na fedha ya njia: majora ya merikani na kaniki, shanga za rangi mbalimbali, na nyaya za shaba. Kila nchi ilikuwa na mtindo wake. Shanga nyekundu zilizopendwa mahali pamoja zinaweza kukataliwa safari ya siku tatu mbele. Mgeni aliyenunua shanga zisizopendwa alikuwa amenunua mawe.

Majina ya mapadri hao kumi yameandikwa katika vitabu. Majina ya mamia ya wapagazi waliowafikisha hayakuandikwa. Watu hao walilipwa sehemu ya mshahara kabla ya kuondoka, na baadhi yao walikimbia wakiacha mizigo porini. Barua za wageni wa zama hizo zimejaa malalamiko juu ya wapagazi watoro. Lakini mpagazi naye alikuwa na hesabu yake. Njia ilikuwa na ndui, njaa na vita, na yule anayeugua njiani mara nyingi aliachwa hapohapo.

Mwezi wa sita mwaka 1878 msafara ukaondoka Bagamoyo. Kutoka pwani hiyo mpaka Ujiji ni zaidi ya kilomita 1,200.

Hongo za Ugogo na kaburi la kwanza

Baada ya nyanda za pwani na milima ya Usagara wakaingia Ugogo. Nchi hiyo ni kavu. Mwenye kisima ndiye mwenye njia, na kila mtemi alidai hongo kabla ya kuruhusu msafara kunywa na kupita. Wazungu wengi waliita jambo hilo wizi. Kwa Wagogo lilikuwa ushuru: msafara wa watu mia kadhaa unakunywa maji ya mifugo yao na kula nafaka ya akiba yao, basi ulipe. Mazungumzo yangeweza kuchukua siku nyingi, na kila siku ya kungoja ilikula posho ya siku moja.

Homa iliwashika wageni karibu wote. Mwezi wa nane, kabla ya kumaliza Ugogo, padri Pascal akafariki. Ndiye aliyekuwa amechaguliwa kuongoza kazi ya Tanganyika, na hakuliona ziwa. Wenzake wakamzika, wakafunga mizigo na kuendelea, kwani msafara haukuweza kukaa matanga mahali pasipo na chakula.

Mbele yao ilikuwako Mgunda Mkali, pori la siku nyingi lenye maji machache, kisha nchi ya Unyamwezi. Walipofika Tabora, katika Unyanyembe, walilazimika kutafuta wapagazi wapya, kwa sababu wengi waliajiriwa kufika hapo tu. Hapo njia zikagawanyika. Kundi la Livinhac likaelekea kaskazini kwenda Nyanza. Wanne waliobaki wa kundi la Pascal wakaelekea magharibi.

Mwezi wa kwanza mwaka 1879, zaidi ya miezi saba baada ya kuacha Bagamoyo, wakaliona ziwa na kuingia Ujiji.

Ujiji, mji wa biashara

Ujiji haukuwa kijiji kinachongoja mtu kuja kukigundua. Ulikuwa mji wa soko. Samaki, chumvi ya Uvinza, mafuta ya mawese, mahindi, pembe na watu viliuzwa hapo. Mkubwa wa wafanyabiashara alikuwa Mwinyi Heri, mtu wa pwani aliyekaa miaka mingi kando ya ziwa na kuoa huko. Mitumbwi mikubwa ilivuka kila mara kwenda Uguha, Ubwari, Masanze na Uvira.

Wafanyabiashara hawakuwafurahia sana Wazungu. Walifahamu kwamba biashara ya watu inapingwa Zanzibar, na kila Mzungu alionekana kama jicho la balozi wa Uingereza. Waprotestanti wa London walikuwa wamewatangulia mapadri kwa miezi michache: walifika Ujiji mwezi wa nane mwaka 1878, na mmoja wa viongozi wao, Thomson, alifariki mwezi mmoja tu baadaye. Wenzake walivuka ziwa wakafungua kituo Mtowa, karibu na mahali ulipo mji wa Kalemie leo.

Mapadri nao wakaona kwamba Ujiji si mahali pao. Katika soko lile walikutana kila siku na watoto waliofungwa kamba, wengi wao wakitoka ng'ambo, upande ambao leo ni Kongo. Wakaanza kuwanunua kadiri vitambaa vilivyotosha, na kutafuta mahali pa kukaa nao.

Rumonge: ugomvi juu ya mtoto mmoja

Mwaka 1879 Deniaud na wenzake walikwenda kaskazini kwa mtumbwi, wakajenga Rumonge, katika nchi ambayo leo ni Burundi. Msafara wa pili na wa tatu uliwaletea wenzao wapya. Pamoja na mapadri walikuja walei wenye silaha, askari wa zamani wa Papa, ambao Lavigerie aliwatuma kulinda misheni. Wengi wa misafara hiyo walikufa kwa homa kabla ya kuona ziwa.

Rumonge haikudumu miaka miwili. Ugomvi ulizuka juu ya mtoto mmoja aliyekuwa kwa mapadri. Upande wa mkubwa wa mahali pale, Bikari, ulimdai. Mapadri walikataa kumrudisha. Tarehe 4 mwezi wa tano mwaka 1881 padri Deniaud, padri Augier na mlei Mbelgiji Félix D'Hoop wakauawa. Waliobaki waliondoka pamoja na watoto, na shirika halikurudi kukaa Burundi hadi miaka ya 1890.

Vitabu vya kanisa vinawakumbuka watatu hao, na ni haki. Lakini ugomvi wenyewe una swali ambalo jamaa za wahami za leo zinalielewa vizuri: mtoto aliyetengana na watu wake katika vita ni wa nani? Ni wa yule aliyemlipia na kumlisha? Ni wa ukoo unaomdai? Na mtoto mwenyewe aliulizwa na nani? Leo mashirika ya kutafuta jamaa huandika jina la mtoto, kijiji chake na jina la mama yake kabla ya kumkabidhi kwa mtu yeyote. Mwaka 1881 haikuwapo daftari ya namna hiyo. Kila upande ulikuwa na neno lake na silaha zake.

Masanze na Kibanga

Kimbilio likawa upande wa Kongo. Mwaka 1880 mapadri walikuwa wamefungua kituo Mulweba, katika nchi ya Masanze, karibu na rasi ya Ubwari, katika eneo ambalo leo ni Fizi. Mwaka 1883 wakahamia Kibanga, mahali palepale pwani, wakapaita pia Lavigerieville kwa jina la mkubwa wao.

Kibanga kilikuwa kijiji cha watu wasiokuwa na ukoo mmoja. Wengine walikuwa watoto wa Manyema, wengine wa Wabembe, wengine wa nchi za mbali zaidi magharibi. Kuliko kila kitu kilichowaunganisha, kilichotangulia ni kwamba wote walikuwa wamenunuliwa. Walisoma, walilima, walifyatua matofali, walivua samaki. Walipokua walioana wao kwa wao na kupewa shamba na nyumba kando ya misheni.

Wenyeji wa kandokando nao walianza kuja. Hawakuja kwanza kwa ajili ya mafundisho. Walikimbia mashambulizi ya watu wa Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan, aliyepata nguvu kubwa Ujiji na kaskazini mwa ziwa baada ya Mwinyi Heri. Ukuta wa misheni na bunduki chache zilizokuwa ndani vilikuwa kinga. Kwa maneno ya leo, Kibanga ilikuwa kambi ya wahami.

Kinga hiyo ilikuwa na bei yake. Padri alikuwa baba, mwalimu, hakimu na mkubwa wa kijiji. Aliyekombolewa hakuwa mtumwa tena wa mfanyabiashara, lakini hakuwa huru kwenda atakako. Kazi za shamba, ndoa na adhabu vilikuwa chini ya amri ya misheni. Wengine walibaki kwa shukrani, wengine kwa sababu hawakuwa na pa kwenda, na wengine walitoroka kujaribu kurudi kwao.

Kununua watu ili kuwaweka huru nako kulikuwa na tatizo. Kila kitambaa kilichotolewa kiliingia mkononi mwa muuzaji, na muuzaji aliyepata faida leo alikuwa na sababu ya kurudi kesho na watu wengine. Kwa upande mwingine, mtoto aliyesimama mbele ya padri, mgonjwa na mwenye njaa, hakuweza kungoja biashara nzima ikomeshwe. Mwaka 1888 Lavigerie mwenyewe alizunguka Paris, London na Brussels akihubiri kwamba biashara ya watumwa ikomeshwe kwa nguvu. Ulaya ikamsikiliza, na wafalme wake wakapata pia kisingizio cha kuingia Afrika na majeshi.

Kibanga iliugua sana. Magonjwa yaliua watoto na mapadri, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 kituo kikaachwa. Sehemu ya watu wake walihamishwa kwa mitumbwi kuelekea kusini. Waliokwisha kung'olewa mara moja wakang'olewa mara ya pili.

Mpala, Lusinga na kapteni Joubert

Huko kusini, nchi ya Marungu na Watabwa, mambo yalikuwa yameanza kwa njia nyingine. Luteni Mbelgiji Émile Storms, mtu wa shirika la mfalme Léopold, alijenga ngome Mpala mwaka 1883. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 1884 watu wake walimshambulia mtemi Lusinga, wakamuua na kumkata kichwa. Fuvu lake lilipelekwa Ubelgiji, na mpaka leo ni jambo la mazungumzo kati ya Wakongomani na Wabelgiji.

Miezi michache baadaye, mwaka 1885, Léopold akaelekeza nguvu zake upande wa mto Kongo, na vituo vya Mpala na Karema vikakabidhiwa kwa Mapadri Weupe. Hivyo mapadri hawakupokea majengo tu. Walipokea pia watu waliokwisha kushindwa kwa silaha, na mamlaka yaliyopatikana kwa damu ambayo si wao walioimwaga.

Ulinzi wa Mpala ulikabidhiwa kwa Léopold Joubert, askari wa zamani wa Papa, Mfaransa. Alifika huko mwaka 1887, akafundisha vijana kutumia bunduki, akapigana miaka kadhaa na makundi ya wakamata watu. Mwaka 1888 alioa mwanamke wa huko, Agnès Atakae, wakazaa na kulea. Joubert hakurudi Ulaya. Alifariki mwaka 1927, mzee na karibu kipofu, na kaburi lake liko katika nchi ya Moba.

Ng'ambo ya ziwa, Karema, alifanya kazi daktari Adrien Atiman. Huyu alikuwa mtoto wa Afrika ya Magharibi, kutoka nchi ambayo leo ni Mali. Alikamatwa utotoni, akavushwa Sahara, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomea uganga Malta. Alifika Karema mwaka 1889 na kutibu watu huko hadi kifo chake mwaka 1956. Katika habari zote za safari hizi, huyu ndiye aliyejua kutoka ndani maana ya kuuzwa ukiwa mtoto.

Lugha iliyobaki

Watoto wa Kibanga na Mpala hawakuwa na lugha moja ya mama. Lugha waliyokutana nayo wote njiani ilikuwa Kiswahili, ile ya misafara na masoko. Mapadri walijifunza hiyohiyo, na mwaka 1885 shirika lao lilichapa Paris kitabu cha sarufi ya Kiswahili. Katika Marungu walitumia pia Kitabwa, lakini shuleni na kanisani Kiswahili kilipata kiti. Lugha iliyoletwa na biashara ya pembe na watumwa ikawa lugha ya watu waliookoka biashara hiyo, na leo ndiyo lugha ambayo Mbembe, Mfuliru, Mtabwa, Mluba na Mnyamulenge husikilizia radio wakiwa kambi moja.

Mwaka 1893 misheni mpya ilijengwa juu ya uwanda karibu na Moba, ikaitwa Baudouinville, ambayo leo ni Kirungu. Askofu wa kwanza wa eneo hilo alikuwa Mbelgiji Victor Roelens. Na hapo, tarehe 21 mwezi wa saba mwaka 1917, akapewa upadri Stefano Kaoze, mtoto wa Marungu, Mkongomani wa kwanza kuwa padri wa Kikatoliki katika zama hizi. Kabla ya hapo alikwisha kuandika na kuchapisha juu ya fikra za watu wake. Kutoka siku msafara ulipoondoka Bagamoyo mpaka siku hiyo ni miaka 39.

Katika miaka hiyo 39 makaburi yaliongezeka kote njiani: Ugogo, Tabora, Ujiji, Rumonge, Kibanga, Mpala. Machache yana msalaba na jina. Wapagazi, wanawake waliowapikia, na watoto waliofika misheni wakiwa wamechoka mno hawana hata moja.

Kuna jambo ambalo wazee wa mwambao wanaweza kusaidia bado. Katika jamaa za Moba, Mpala na Fizi wako watu wanaosema kwamba babu au nyanya yao "alitoka mbali" au "alilelewa na mapadri", bila kusema zaidi. Katika maneno hayo mafupi mara nyingi kuna mtoto aliyeuzwa, njia aliyopita, na jina la kijiji ambalo yeye pekee alilikumbuka. Yakiulizwa sasa na kuandikwa, watoto walioko kambini watajua kwamba kuhama hakukuanza na wao, na kwamba kuna watu waliofika mwambao huu wakiwa hawana ukoo, na leo ukoo wao una majina.